Gibson 2.91, Pedro 2.93: nilivyojifunza kumpima mrushaji kwa wenzake

Bob Gibson, mrushaji wa besiboli, alistaafu akiwa na ERA, kipimo cha alama ambazo mrushaji huwaachia wapinzani, ya 2.91. Mrushaji mwenzake, Pedro Martínez, alistaafu akiwa na 2.93. Mpe mtu nambari hizo mbili bila maelezo mengine, atakwambia hawa wametoshana nguvu, na ukimbana achague mmoja atamtaja Gibson, maana katika kipimo hiki aliye chini ndiye bora. Mimi nilitumia muhula mzima wa masomo ya jioni kutambua kwamba jibu hilo lina kasoro kubwa, na njia ya kufika huko ilinigharimu usingizi, pesa, na maelewano na watu ninaowapenda. Naandika ili atakayeipita njia hii, awe mwanafunzi wa takwimu au mzazi ambaye mtoto wake ameanza kucheza besiboli huko ughaibuni, asikwame pale ambapo wengi hukwama.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kwetu mchezo ni soka, kriketi tukiitazama kwa mbali. Besiboli niliikuta Massachusetts, katika mji wa Lowell ambako sisi Wakenya tuko wengi, na niliikuta kazini: nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya jioni. Msimu wa joto ukifika, televisheni ya ukumbini haibanduki kwa Red Sox, timu ya Boston, na wahudumu wenzangu waliozaliwa hapa humtaja Pedro kwa heshima kubwa. Lakini alikuwepo mzee mmoja wa St. Louis ambaye hakutaka kulisikia jina hilo. Kwake mrushaji ni Gibson, basi. Mwaka 1968 alikuwa kijana, alimwona kwa macho yake, na kila nilipompelekea chai alinihesabia: ushindi 22, mechi 13 ambazo wapinzani hawakupata hata mkimbio mmoja, ERA ya 1.12. "Binti yangu," aliniambia, "nitafutie Pedro mwenye 1.12, halafu tuongee."

Chuoni, mwalimu wa takwimu alitaka kila kundi lichague swali moja ambalo data yake iko wazi kwa kila mtu. Nikalipeleka la mzee. Wenzangu wa kundini walikubali haraka kwa sababu walidhani ni kazi ya jioni moja. Nami nilidhani hivyo.

Kwa msomaji ambaye mchezo ni mgeni kwake: timu hupokezana kupiga na kulinda kwa awamu 9, na zamu ya timu kupiga huisha wapigaji wake watatu wanapotoka auti. Mpigaji akizunguka besi zote akarudi nyumbani, huo ni mkimbio mmoja, ndiyo alama ya mchezo. Mrushaji ndiye anayempelekea mpigaji mpira, na kazi yake ni kuzuia mikimbio. ERA ni hesabu ya mikimbio anayobebeshwa yeye kwa kila awamu 9. Ile iliyotokana na makosa ya walinzi wenzake haihesabiwi. Pedro alibebeshwa 919 katika awamu 2,827 na theluthi moja. Zidisha 919 kwa 9, gawanya kwa awamu zake, unapata 2.93. Hakuna uchawi.

Tatizo ni kwamba 2.93 peke yake haisemi kitu. Lazima uulize mrushaji wa kawaida wa siku zile alikuwa na ngapi. Na hapo ndipo 1968 na 2000 zinapoachana kabisa.

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa warushaji. Kilima kidogo wanachosimamia kilikuwa na kimo cha inchi 15, na eneo ambalo mpira ukipita mwamuzi anahesabu straiki, yaani alama dhidi ya mpigaji, lilikuwa limepanuliwa miaka mitano nyuma. Wapigaji walinyanyasika. ERA ya National League nzima, ligi ya Gibson, ilikuwa 2.99. Hali ilikuwa mbaya hivi kwamba msimu uliofuata wakuu wa mchezo walikishusha kilima hadi inchi 10 na kulipunguza lile eneo. Sasa njoo mwaka 2000. Wapigaji ndio walikuwa wafalme, homarani, yaani mipira inayopigwa ikavuka uzio, zikiruka kila usiku, na ERA ya American League, ligi ya Pedro, ilikuwa 4.91. Katika ligi hiyo Pedro alimaliza na 1.74. Aliyemfuata kwa ubora alikuwa Roger Clemens, mmoja wa warushaji wakubwa wa historia, na yeye alikuwa na 3.70. Nilipoiona nafasi hiyo kati ya wa kwanza na wa pili niliinuka kitini. Mpaka leo naiona kuwa moja ya nambari nzuri kuliko zote katika mchezo wowote.

Njia rahisi ya kulinganisha ni kugawanya ERA ya ligi kwa ERA ya mrushaji, kisha kuzidisha kwa 100. Gibson wa 1968: 2.99 kwa 1.12, unapata 267. Pedro wa 2000: 4.91 kwa 1.74, unapata 282. Lakini ukifungua tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference, ambako kipimo hiki kinaitwa ERA+, utakuta Gibson ana 258 na Pedro ana 291. Tulipoona hivyo kundini tulibishana vikali, kila mmoja akiamini mwenzake ameharibu jedwali. Hakuna aliyeharibu. Tofauti inatokana na uwanja. Viwanja vya besiboli havilingani kama vya soka: uzio wa Fenway Park mjini Boston uko karibu upande wa kushoto na umekuwa rafiki wa wapigaji kwa vizazi, na Denver, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,600, ina hewa nyepesi inayoufanya mpira usafiri mbali. Gibson alirushia nyumbani penye kuwafaa warushaji, kwa hiyo anakatwa kidogo. Pedro alirushia Fenway, anaongezewa. Kwa hiyo hesabu yako ya mkono isipolingana na iliyochapishwa, tazama uwanja kwanza kabla ya kumlaumu mwenzako.

Msimu mmoja ni rahisi. Maisha yote ya mchezaji ndiyo yenye mitego, na hapa nitakaa kidogo.

Mtego wa kwanza ni namna awamu zinavyoandikwa. Ukiona 213.1, hiyo .1 si sehemu ya kumi. Ni theluthi moja, yaani auti moja kati ya tatu. Na .2 ni theluthi mbili. Pedro alirusha awamu 213.1 mwaka 1999 na 116.2 mwaka 2001. Kompyuta ikijumlisha itakupa 329.3, nambari isiyokuwepo duniani. Jibu sahihi ni 330 kamili. Kwa misimu miwili ni kosa dogo, ila kwa misimu 18 jumla inakataa kulingana na ya vitabuni, na unakesha ukitafuta kosa liko wapi. Dawa ni kuhesabu auti badala ya awamu. Hazina ya data iliyoanzishwa na Sean Lahman, ambayo ni ya bure kabisa, ina safu iitwayo IPouts: auti zote alizopata mrushaji. Jumlisha hizo, gawanya kwa tatu mwishoni.

Mtego wa pili ni kuchukua ERA za kila msimu na kutafuta wastani wake. Pedro alianza mwaka 1992 na Dodgers kwa awamu 8 tu, ERA 2.25. Ukizipa awamu hizo 8 uzito sawa na awamu 217 za mwaka 2000, umemdhulumu mtu au umempendelea, na hutajua lipi kati ya hayo mawili. Wastani wa ligi nao ni vilevile: huwezi kujumlisha ERA za ligi za miaka yote na kugawanya kwa idadi ya miaka. Kila mwaka upewe uzito kwa awamu alizorusha mwaka huo.

Njia iliyotutoa gizani ni kuuliza swali hili kwa kila msimu: mrushaji wa kawaida wa ligi ile, akipewa awamu zilezile, angebebeshwa mikimbio mingapi? Mwaka 2000 Pedro alirusha awamu 217. Mrushaji wa kawaida mwenye 4.91 angebebeshwa kama 118. Pedro alibebeshwa 42. Aliiokoa timu yake mikimbio 76. Gibson mwaka 1968 alirusha awamu 304 na theluthi mbili. Mrushaji wa kawaida wa 2.99 angebebeshwa kama 101, naye alibebeshwa 38. Aliokoa 63. Ona sasa: Pedro aliokoa mingi zaidi ilhali alirusha awamu pungufu kwa takriban 88. Fanya hivyo msimu kwa msimu, jumlisha mikimbio iliyotarajiwa, jumlisha iliyotokea, na ulinganisho wa maisha yote unajitengeneza wenyewe. Ukitumia njia hii huhitaji kukariri fomula yoyote.

Mtego wa tatu ulituchukulia muda mrefu kuliko yote: ligi ipi? Besiboli ya Marekani ina ligi mbili chini ya mwavuli mmoja, na kuanzia 1973 American League ilimruhusu mpigaji mteule, yaani mtu anayepiga badala ya mrushaji, kwa kuwa mrushaji kwa kawaida ni mpigaji dhaifu. National League iliipokea kanuni hiyo kwa kudumu mwaka 2022 tu. Kwa hiyo kwa miaka mingi kurusha American League kulikuwa kugumu zaidi. Pedro alikuwa National League tangu 1992 hadi 1997, akiwa Dodgers kisha Montreal Expos. Akaingia American League na Boston 1998 hadi 2004. Akarudi National League na Mets na hatimaye Phillies mpaka 2009. Ukimpima kwa ligi moja tangu mwanzo hadi mwisho unapata jibu la uongo. Na wapo waliohama ligi katikati ya msimu. Randy Johnson mwaka 1998 alianza Seattle akiwa na 4.33, akapelekwa Houston na huko akawa na 1.28. Mtu kama huyo ana mistari miwili kwenye data, na wakati mwingine wa tatu wa jumla. Ukiichukua yote mitatu umemhesabu mara mbili.

Kuhusu pesa: nililipia huduma moja ya kutafuta takwimu, malipo ya kila mwezi, kwa sababu kila mtu niliyemuuliza alisema bila hiyo sifiki popote. Kwa kazi kama hii haihitajiki. Hazina ya Lahman na kurasa za wazi za tovuti za Baseball-Reference na FanGraphs zinatosha na kubaki. Gharama iliyoniuma zaidi ni zamu nilizowapa wenzangu ili nimalize jedwali, maana zamu ni mshahara, na mwezi ule mshahara niliotuma nyumbani ulipungua. Ukiwa mfanyakazi unayesoma, chagua swali dogo: mrushaji mmoja, msimu mmoja, kwanza.

Tulipokamilisha, tulifika palepale alipofika kila aliyefanya hesabu hii vizuri. ERA+ ya maisha yote: Gibson 127, Pedro 154. Zile 2.91 na 2.93 zilizoonekana sawa ziligeuka kuwa umbali mkubwa, kwa sababu Gibson alilinganishwa na watu wa karibu 3.7 na Pedro na watu wa karibu 4.5. Naomba hapa msomaji awe makini na maana ya 154. Wengi husema Pedro alikuwa bora kwa asilimia 54. Sivyo. Maana yake ni kwamba ERA ya wenzake ilikuwa juu ya yake kwa asilimia 54. Ukigeuza upande, ERA yake ilikuwa chini ya ya wenzake kwa asilimia 35. Ni jambo lilelile lililotazamwa kutoka pande mbili, ila ukichanganya pande hizo mbele ya mwalimu anayejua atakurudisha mwanzo.

Nilimpelekea mzee matokeo. Nilitamani yamfurahishe na nilijua hayatamfurahisha, jambo lililonisumbua kwa siku kadhaa, kwa sababu mtu wa umri ule akiwa na kitu anachokipenda si vizuri kumnyang'anya. Hakununa hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Gibson alirusha awamu ngapi?" Alirusha 3,884 na theluthi moja. "Mechi ngapi alianza na kumaliza mwenyewe?" 255. Pedro alimaliza 46. "Na homarani alizopiga yeye mwenyewe kwa gongo lake?" 24.

Mzee alikuwa na hoja, tena hoja ambayo ERA+ haiwezi kuijibu. Kipimo hiki ni cha ubora kwa kila awamu. Hakijui awamu zilikuwa ngapi, hakijui kama mrushaji alibaki uwanjani awamu zote 9 na kuwapumzisha wenzake, wala hakijui alipiga nini. Nolan Ryan ndiye mfano wangu wa siku zote. Alirusha awamu 5,386, ana straikauti (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu) 5,714, hakuna aliyemkaribia, na papo hapo ana rekodi ya kuwapa wapigaji besi ya bure mara 2,795. ERA+ yake ni 112. Mtu akikwambia Ryan alikuwa juu kidogo tu ya kawaida, kwa kila awamu anasema kweli. Lakini aliweza kuwa juu ya kawaida kwa ujumla wa misimu 27, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa ajili ya mzee nilirudi kwenye ile njia ya mikimbio iliyookolewa, maana yenyewe hutoa jumla na aliyerusha sana hupewa haki yake. Kwa maisha yote, viwanja vikizingatiwa, Gibson anapata kama mikimbio 340 juu ya mrushaji wa kawaida. Pedro anapata kama 500, pamoja na kurusha awamu pungufu kwa zaidi ya 1,000. Kwangu mimi hapo shauri liliisha. Nasema kwa moyo wote kwamba sijaona mrushaji aliyetawala zama zake kama Pedro wa 1997 hadi 2003, na wanaomtaja Gibson juu yake kwa sababu ya 1.12 wanasahau kwamba mwaka ule hata mrushaji wa kawaida alikuwa na 2.99.

Mambo mawili zaidi kwa atakayejaribu. Usitumie idadi ya ushindi kama kipimo. Gibson huyohuyo wa 1.12 alipoteza mechi 9 mwaka 1968, kwa sababu wenzake hawakupata mikimbio. Jacob deGrom mwaka 2018 alikuwa na ERA ya 1.70 na ushindi 10 kwa kushindwa 9. Ushindi ni wa timu. Na usiwachanganye warushaji wanaoanza mechi na wale wanaoingia mwishoni. Mariano Rivera ana ERA+ ya 205, ya juu kuliko ya yeyote aliyefikisha awamu 1,000, lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake alirusha awamu moja ya mwisho akiwa na nguvu zote. Mweke na wa kazi yake.

Straikauti nazo zinataka uangalifu uleule. Mrushaji wa kawaida wa mwaka 2019 aliwatoa kwa straikauti karibu wapigaji 9 kwa kila awamu 9. Gibson wa 1968 aliwatoa karibu 8, wakati ligi yake ilikuwa karibu 6. Anayesoma nambari tupu atasema mrushaji yeyote wa leo ni zaidi ya Gibson, na hapo nitakaa upande wa mzee bila kusita.

Yeye bado anazidai zile mechi 255. Anasema kumaliza mechi nako kupimwe kwa wastani wa ligi, na ni haki yake: mwaka 1968 Gibson alianza mechi 34 akamaliza 28, Pedro mwaka 2000 alianza 29 akamaliza 7, na kila mmoja aliishi katika zama zenye desturi yake. Data ipo katika hazina ileile ya Lahman, safu ya CG (mechi alizomaliza) kando ya safu ya GS (mechi alizoanza). Nimeshaanza kulijenga jedwali hilo, mwaka kwa mwaka, ligi kwa ligi.